Ugonjwa wa Nani?

Kuna neno moja tunalolisikia tena siku hizi, katika basi, sokoni, na hata mbele ya mlango wa kanisa kisha misa. Watu wanasema: "Ile Korona haikuwa kitu kwetu. Ulikuwa ugonjwa wa Wazungu. Wakubwa wetu waliukubali kwa sababu ya pesa." Wasemao hivyo si wajinga. Kati yao kuna walimu na wakarani, watu wenye kusoma magazeti. Wanacheka wakikumbuka zile ndoo za kunawia mikono, na kile kitambaa cha kufunika pua, ambacho mjini kila mtu alikiita kashene, kikining'inia chini ya kidevu.

Sisi hatucheki. Tunataka kulijibu neno hilo, kwa sababu ni neno lenye hatari. Tena halikuzaliwa jana. Lilizaliwa katika majuma ya kwanza ya mwaka 2020, na sisi tulikuwapo. Tuliona, tulisikia, na katika mambo mengine tulikosa pamoja na wenzetu. Basi anayetusoma asifikiri kwamba tunahukumu wengine tu.

Tukumbuke kwanza namna mambo yalivyokwenda.

Mwisho wa mwaka 2019 ilisikika habari kwamba watu wa mji wa Wuhan, katika inchi ya China, wanashikwa na ugonjwa mpya wa mapafu. Kwetu watu walisema mara moja: "Huo ni ugonjwa wa Wachina. Wanakula nyama za ajabu." Katika Katanga, ambako Wachina wengi wanafanya kazi ya shaba na kobalti, watoto walianza kuwaita "Korona" wakipita njiani, na wazazi waliosikia walicheka.

Mwezi wa pili wa 2020 ugonjwa ukashika Italia kwa nguvu, kisha Ufaransa na Ubeleji. Neno likageuka: "Kumbe ni ugonjwa wa Wazungu. Mtu mweusi haumshiki. Jua letu litaua kijidudu chake." Tarehe 10 mwezi wa tatu serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza katika Kinshasa. Na angalieni jambo hili: kwanza ilisemwa kwamba mgonjwa huyo ni Mubeleji. Baadaye ikasahihishwa: ni Mukongomani aliyerudi kutoka Ufaransa. Hata mdomo wa serikali, katika neno lake la kwanza, ulimpa mgeni ugonjwa ule.

Tarehe 24 ya mwezi ule Manu Dibango, mpiga saksofoni wa Kameruni aliyejulikana dunia nzima, akafa kwa Korona katika Ufaransa. Tarehe 15 mwezi wa nne akafa Kinshasa Monsinyori Gérard Mulumba, aliyekuwa askofu wa Mweka. Je, hao hawakuwa watu weusi? Lakini neno halikufa pamoja nao. Lilibadilisha nguo tu. Sasa likawa: "Ni ugonjwa wa wakubwa na wapanda ndege, ugonjwa wa watu wa Gombe." Na kweli, komine ya Gombe, yenye maofisi na nyumba za matajiri, ilifungwa peke yake tangu tarehe 6 mwezi wa nne. Mama muuza ndizi wa Masina alisema moyoni: afadhali, haunihusu. Katika Lubumbashi tulisema: "Ni ugonjwa wa watu wa Kinshasa." Katika Goma na Bukavu walisema: "Ni wa wale watokao ngambo ya mpaka." Hata ulipotajwa katika Kivu na Ituri, mwisho wa mwezi wa tatu na mwanzo wa mwezi wa ine, kila mtaa ulitafuta mtaa mwingine wa kuupa.

Mchina, Mzungu, tajiri, mgeni. Na walipokwisha watu wa kupewa ugonjwa ule, tulifanya nini? Tukasema hauko. Hapo ndipo lilipotoka neno la leo.

Mtu atatuuliza: "Kuna ubaya gani? Maneno hayaui." Tutamjibu kwa jambo moja tulilolijua kwa karibu.

Katika mtaa mmoja wa Lubumbashi baba mmoja alirudi kutoka Kinshasa katikati ya mwezi wa tatu, wakati ndege zilikuwa zinaruka bado. Siku chache baadaye akaanza kukohoa. Habari ilikimbia kuliko moto wa majani makavu. Watoto wa jirani walikatazwa kucheza na watoto wake. Mwenye duka la kona alimwambia aweke franka zake juu ya jiwe, akazimwagia maji ya sabuni mbele ya watu wote. Baba yule alitaka kwenda hospitali. Mke wake akamzuia, akamwambia: "Baba watoto, ukienda kule watakuandika. Na wakikuandika, tutakaa na nani hapa?" Basi akajifungia ndani, akanywa tangawizi na malimao na kujifukiza majani, akapona.

Lakini katika nyumba ile alilala pia mama mkwe wake, mama mzee, aliyesaidia nusu ya wamama wa mtaa ule kuzaa. Yeye naye akaanza kukohoa, pumzi ikawa shida, na kabla ya Pasaka akafa. Hakupimwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema ya kwamba ni Korona iliyomwua. Tunaweza kusema tu kwamba hakuna mganga aliyemwona, kwa sababu nyumba ile iliogopa midomo yetu kuliko ugonjwa. Kwenye kilio chake walikuwa watu sita. Amri ilikataza vilio vikubwa, ni kweli. Lakini hakuna amri iliyokataza kuweka unga na makala mbele ya mlango wa mfiwa. Sisi tunaoandika haya tulipita pale, tukasalimu kwa mbali, tukaenda zetu.

Hayo ndiyo madhara ya neno lile. Mtu akisikia kwamba ugonjwa ni wa watu wabaya, au wa wageni, atauficha kama mwizi anavyoficha kitu cha wizi. Na ugonjwa uliofichwa unatembea usiku na mchana bila kuzuiliwa.

Sasa tuseme habari ya wakubwa, maana nao walikuwa na neno lao lililofanana na letu.

Tarehe 18 mwezi wa tatu Raisi wa Jamhuri alitangaza kwamba masomo, makanisa na mabare yafungwe, na mikutano ya watu zaidi ya 20 ikatazwe. Tarehe 24 akatangaza hali ya hatari, na Kinshasa ikatengwa na majimbo. Hatusemi kwamba amri zile zilikuwa mbaya. Wakristu walikaa nyumbani Jumapili ya Matawi na siku ya Pasaka, wakasikiliza misa kwa redio, na makanisa hayakufunguliwa mpaka katikati ya mwezi wa nane. Iliuma, lakini tulitii.

Lakini angalieni namna amri nyingine zilivyotolewa. Katika Lubumbashi gavana alifunga mji mzima siku mbili, tarehe 23 na 24 mwezi wa tatu, kwa sababu ya watu wawili tu waliodhaniwa kuwa na ugonjwa. Katika Kinshasa, tarehe 26, ilitangazwa kwamba mji utafungwa kuanzia siku ya posho, tarehe 28: siku nne ndani, siku mbili nje, halafu tena siku nne ndani. Watu wote wakakimbilia sokoni siku ile moja. Walisongamana bega kwa bega, mdomo kwa mdomo, kununua unga, mchele, mafuta na makala. Bei ilipanda kutoka asubuhi hata magaribi. Kesho yake amri ikaahirishwa. Basi, kwa kutaka kuwatenga watu, waliwakusanya wengi kuliko siku ya sikukuu, na kisha wakawaambia warudi nyumbani, mfuko umekwisha.

Aliyeandika amri ile alikuwa na friji yenye nyama na gunia la mchele katika stoo. Alisahau kwamba katika miji yetu mama wengi hununua unga kwa kipimo cha kikombe, na mafuta kwa kifuko kidogo, kwa sababu pesa ya leo inapatikana leo. Ukimwambia mama wa namna hiyo, "Kaa nyumbani siku nne," umemwambia, "Usile siku nne." Ukimwambia, "Nawa mikono kila saa," na robine ya mtaa wake haitoi maji tangu juma lililopita, umemchokoza. Na kule Goma na Bukavu, mpaka wa Rwanda ulipofungwa, wale wamama waliovuka kila asubuhi na mabeseni ya nyanya, vitunguu na maziwa walipoteza kazi yao kwa siku moja. Nani aliwauliza watoto wao watakula nini?

Basi, kama sisi watu wadogo tulivyosema, "Ugonjwa ni wa wengine," wakubwa nao walisema bila kufungua mdomo, "Njaa ni ya wengine." Ni neno moja lenye ndimi mbili. Na mama wa soko alipoona kwamba mkubwa hajali njaa yake, hakuona sababu ya kuamini kwamba anajali mapafu yake.

Tunajua kwamba watu wengine hawatakubali. Wana maneno matatu ambayo wanayatupa mbele yetu kila mara. Tuyajibu moja moja.

Neno la kwanza: "Waliokufa ni wachache." Ndiyo, katika hesabu ya serikali waliokufa kwa Korona katika Kongo hawafiki 2,000, na inchi yetu ina watu zaidi ya milioni mia. Tunamshukuru Mungu kwamba hatukuona yale waliyoyaona Waitalia. Lakini hesabu hiyo ni hesabu ya waliopimwa. Majuma yale ya kwanza vipimo vilifanywa Kinshasa, katika maabara moja ya inchi nzima. Kohozi la mgonjwa wa Lubumbashi au la Bukavu lilisafiri kwa ndege kabla ya kujulikana. Yule mama mzee wa mtaa wetu hayumo katika hesabu, na walio kama yeye hawamo. Tena, kama wengi tulipona, sababu moja kubwa ni kwamba karibu nusu ya watu wetu ni watoto, na ugonjwa ule ulitafuta kwanza wazee. Je, tutajisifu kwa hiyo? Je, mzee si mtu? Kwa desturi ya babu zetu anayesema, "Wamekufa wazee tu," angepigwa faini ya mbuzi.

Neno la pili: "Pesa za Korona zililiwa." Hapo hatubishani. Wauguzi wa Kinshasa waliowalinda wagonjwa walilazimika kugoma katika mwaka ule ule wakidai malipo yao, na askari wengine njiani waligeuza kashene kuwa shamba lao. Lakini tufikiri vizuri. Mwizi akiiba mafuta ya taa, je, giza limekuwa uongo? Giza liko, na kwa sababu liko, wizi wake ni mbaya zaidi. Aliyekula pesa za wagonjwa ameiba dawa kinywani mwa mgonjwa wa kweli. Ukisema hapakuwa na mgonjwa, umemsamehe mwizi bila kujua. Umemwambia: "Hukumwibia mtu." Kama mnataka wezi wahukumiwe, na sisi tunataka, msiseme kwamba ugonjwa ulikuwa uongo.

Neno la tatu ni zito zaidi: "Wazungu walitaka kutujaribia dawa zao." Tarehe 1 mwezi wa ine, katika televisheni moja ya Ufaransa, waganga wawili Wafaransa walizungumza juu ya kujaribu chanjo ya kifua kikuu katika Afrika, ili ijulikane kama inazuia Korona, na mmoja wao aliuliza kama kazi hiyo isifanywe Afrika, kwa sababu hakuna kashene wala dawa. Watu wa Afrika walikasirika, na walikuwa na haki. Mkubwa wa Shirika la Afya la Dunia mwenyewe, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliyalaani maneno yale. Siku mbili baadaye Profesa Jean-Jacques Muyembe, mkubwa wa vita juu ya Korona katika Kongo, akasema kwamba inchi yetu iko tayari kushiriki katika majaribio ya chanjo. Basi hasira yote ikamwangukia yeye. Alitukanwa kama msaliti. Alilazimika kueleza tena kwamba chanjo haitajaribiwa kwetu kabla ya kujaribiwa kule inakotengenezwa.

Huyo Muyembe ni nani? Ni yule aliyekwenda Yambuku mwaka 1976, wakati Ebola ilikuwa haina jina bado, akatoa damu ya wagonjwa bila glavu. Na dawa za Ebola zilipojaribiwa, zilijaribiwa kwetu, katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na mwezi wa nane 2019 ikaonekana kwamba mbili zinaponyesha kuliko nyingine. Moja ya hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Watu waliolala katika vitanda vile walikuwa ndugu zetu, na wengine walirudi nyumbani wazima. Basi kosa si kujaribu dawa. Kosa ni kumjaribia mtu bila kumwuliza, au kumchagua kwa sababu ni maskini. Tuseme hapana kwa hilo, kwa nguvu zote. Lakini tusimpige ndugu yetu kwa fimbo tuliyoikata kwa ajili ya mgeni.

Tena tuseme ukweli mmoja kwa watu wa ngambo, kama wanatusoma. Mnashangaa kwamba Wakongomani hawakuamini. Mwaka 2019 surua iliua zaidi ya watu 6,000 katika inchi yetu, karibu wote watoto. Ebola iliyoanza mwezi wa nane 2018 katika Kivu ya Kaskazini iliua watu 2,287 kabla ya kutangazwa imekwisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Na watu wa Beni, wakati huo huo, walikuwa wanauawa kwa mapanga tangu 2014. Dunia haikufunga ndege zake wala masoko yake kwa ajili ya watoto wa surua. Ilisema nini? Ilisema: "Huo ni ugonjwa wa Wakongomani." Kisha Korona ikafika Milano na Paris, na kwa majuma machache dunia yote ikasimama. Mama aliyezika watoto wawili kwa surua aliangalia hayo yote, akafikiri: kumbe kuna mapafu ya bei na mapafu ya bure. Ninyi nanyi mlikuwa na neno lile lile kinywani.

Basi ni nani asiye na kosa? Hatumwoni.

Mtu atasema: "Mambo hayo yamepita. Kwa nini mnafukua kaburi?" Kwa sababu neno lile halikuzikwa. Mwezi wa tisa 2023, katika Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu ya Kusini, ulionekana ugonjwa wa vipele unaoitwa mpoksi, katika namna mpya inayopita kutoka mtu hata mtu. Wa kwanza kushikwa walikuwa wachimba dhahabu na wasichana wa mabare. Na watu walisema nini? Walisema: "Ni ugonjwa wa malaya. Ni wa wachimbaji." Msichana mwenye vipele alijificha, kwa maana kuonekana hospitali ni kuitwa malaya mbele ya watu. Kabla ya mwaka mmoja kwisha ugonjwa ulikuwa Bukavu na Goma, hata katika kambi za wakimbizi wa vita. Mwezi wa saba 2024 ulikuwa Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Na tarehe 14 mwezi wa nane Shirika la Afya la Dunia likatangaza hatari ya dunia nzima. Kati ya walioshikwa walikuwa watoto wengi, ambao hawajui bare ni nini. Ugonjwa wa nani tena?

Hatukujifunza. Tulikuwa na miaka mitatu ya kujifunza, nasi tulicheka kashene.

Wasomaji wapenzi, hatutaki kumaliza kwa maneno makubwa. Ugonjwa mwingine utakuja. Ni nani mwenye akili anayeweza kusema hautakuja? Siku ile redio itakapotaja jina jipya, mtu wa kwanza atakayesema mbele yenu, "Ni wa watu wale," mnyamazisheni, hata akiwa mkubwa, hata akiwa kaka yenu, hata akiwa padri. Jirani akirudi kutoka safari na kukohoa, msimpe jiwe la kuwekea pesa. Mpelekeni kwa mganga, na mwangalie watoto wake wakati hayupo. Mkipata ujumbe katika simu juu ya dawa ya ajabu, mwulizeni muuguzi wa kituo chenu kabla ya kuutuma kwa watu hamsini. Na mzee wa nyumba akishindwa kupumua, asingojee Pasaka.

Na ninyi mnaotoa amri, kabla ya kufunga mji, tumeni mtu sokoni akaulize kikombe cha unga ni bei gani. Fungueni maji kwanza, halafu mwambieni mama anawe. Walipeni wauguzi. Kama mwizi yuko kati yenu, mtoeni ninyi wenyewe mapema, maana kwa ajili yake watu watakataa dawa ya kweli.

Yule mama mzee wa mtaa wetu, aliposhika mtoto mpya mkononi, hakuuliza kamwe ni wa nani, wa kabila gani, wa tajiri au wa maskini. Alimfunga kitambaa, akampa mama yake. Walikuwa watu sita tu kumsindikiza, na kati ya sita hao sisi hatukuwapo. Deni hilo liko juu yetu.